Kikapu cha Maembe kutoka Mlingotini

Nilipoolewa Dunda, mjini Bagamoyo, nilikuta nyumba ina mtoto. Halikuwa jambo la kunishtua, niliambiwa tangu siku za posa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, alikwisha kuoa na kuacha, na binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, aliletwa mjini akae na baba yake aanze chuo cha Kurani na shule. Mama wa mtoto alirudi kwao Mlingotini, akawa anaangalia shamba la miembe aliloachiwa na marehemu baba yake. Waliachana bila matusi wala kupelekana kwa kadhi. Shangazi yangu, aliyenisimamia, aliona hiyo ni habari njema.

"Talaka ya amani haikuletei fujo mlangoni," alisema.

Mimi pia niliona hivyo. Sikujua kwamba mtu anaweza kufika mlangoni kwako bila fujo yoyote na bado akakukosesha raha.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mtoto hakuwa mgumu. Aliniita mama mdogo, alinipa shikamoo kila asubuhi macho yakiwa bado na tongotongo, na alikula nilichopika. Nilimsuka twende kilioni, nikamfundisha kuchambua mchele, nikamwogesha na kumpaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda chuoni. Jioni alikaa karibu na goti langu akinieleza ugomvi wa watoto wenzake. Nikaanza kujiona mwenye nyumba hasa.

Kisha vuli ikanyesha, kaskazi likaanza kuvuma, na maembe yakaiva.

Aliyeishi Bagamoyo miaka ile ya sitini anajua nasema nini. Watu wa mashamba waliingia sokoni asubuhi na matenga yao, wengine kwa baiskeli, wengine kwa punda, wanawake wengi kichwani, na kabla hujafika sokoni pua imekwisha kukwambia kilichokuja. Palikuwa na dodo kubwa za kukata kwa kisu na kugawana watu wa nyumba nzima. Palikuwa na bolibo, na viringe vya duara ambavyo unaviminyaminya mpaka vinalainika, unatoboa tundu kwa jino, unafyonza. Pembeni, juu ya majani ya mgomba, zilimwagwa zambarau, na kila mtoto uliyekutana naye njiani alikuwa na ulimi kama aliyelamba wino. Mimi nilikulia Dar es Salaam. Kwetu embe lilitufikia limepita mikono mingi, limebonyea, limechoka. Bagamoyo nililikuta lina utomvu mbichi kwenye kikonyo, limetoka mtini jana. Wiki ya kwanza nilikuwa nikienda sokoni hata siku ambazo sina cha kununua, nipite tu katikati ya ile harufu.

Kikapu cha kwanza kilifika nikiwa uani nafua. Mwanamke mmoja wa Mlingotini, aliyekuja mjini kuuza biashara yake, alibisha hodi, akakitua kizingitini. Kilikuwa kikapu kipya cha ukindu, kimefunikwa majani.

"Mama yake mtoto anawasalimu nyote," alisema. "Anasema haya ya mwanawe, na nyinyi mle."

Nilipokea, nikashukuru, nikarudisha salamu kama nilivyofunzwa. Na nyinyi mle. Maneno yale yalibaki sikioni.

Mume wangu aliporudi kutoka kwenye cherehani yake, alikiona kikapu kabla hajavua kofia. Akatandika mkeka mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akamwita binti yake. Walikaa wakiangaliana, kikapu katikati, wakaanza kutoa embe mojamoja na kulinusa.

"Hili la kisimani," alisema mtoto.

"La. La kisimani huwa na wekundu begani. Nusa tena."

"La nyuma ya jiko la bibi!"

"Ee! Hapo umesema."

Wakacheka. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka kidogo, kicheko cha puani. Kile kilitoka tumboni. Walikuwa wanatembea shambani wote wawili, mti kwa mti, na mimi nimesimama na bakuli la maji ya kunawia. Kila embe lilikuwa na mahali pake na habari yake: huu ndio mti uliopigwa radi, huu ndio ule wenye siafu, huu ndio aliopanda babu siku mama alipozaliwa. Mama, mtoto alisema, si mama mdogo.

"Njoo ule, mke wangu," aliniita. "Dodo kama hili hulipati sokoni."

"Kuleni tu. Maembe yananipa joto mwilini."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilirudi uani nikaanika nguo ambazo nilikwisha kuzianika.

Walipomaliza, baba alikwenda msikitini, mtoto akatoka kucheza. Nikakusanya maganda. Kokwa moja la dodo lilikuwa halikumalizwa, lina nyama ya manjano iliyoshikilia ubavuni. Nilitazama mlango wa uani, nikaliweka mdomoni. Mpaka leo sijui niseme nini juu ya utamu ule. Halikuwa na nyuzi. Lilikuwa na asali, na chini ya asali ukali kidogo unaokufanya utake tena. Nililifyonza mpaka likawa jeupe, maji yakinitiririka kiwikoni. Nilikuwa nimeomba Mungu liwe chachu. Lingekuwa chachu ningelala vizuri.

Msimu wote ule kikapu kilikuja kila mara watu wa Mlingotini walipokuja sokoni, na msimu wote ule nilisema maembe yananipa joto. Mtoto, aliyekuwa akimaliza sahani yangu, sasa alikuwa akiuchokonoa wali. "Nimeshiba maembe, mama mdogo." Mume wangu naye alikuwa akitoka kazini na kuuliza, kabla ya salamu, kama kuna mtu amepita kutoka Mlingotini. Majirani walikuja kula, wakasifu: yule mwanamke ana mkono wa miembe. Nilijibu kwamba kweli, ana mkono. Nilijibu nikitabasamu, na taya ziliniuma.

Msimu uliofuata niliamua kwenda kumwona. Nilisikia kwamba sasa analeta maembe sokoni mwenyewe. Nilivaa kanga mpya, nikajitia uturi kidogo, nikaenda kama mtu mwenye haja ya maembe. Nilimtambua kabla sijaulizia, kwa kuwa mtoto alikuwa amechukua paji lake la uso lote kama lilivyo. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwazia, mikono imekauka kwa utomvu, na hakujipamba kwa chochote. Hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimejipamba kwa ajili ya nani?

"Shikamoo, dada," nikasema, maana alinizidi umri.

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo nyumbani?"

Alinijua. Mdogo wangu, alisema, kwa upole, neno ambalo mke mkubwa humwambia mke mdogo, na yeye hakuwa mke tena. Sikuweza kulalamika. Ningelalamika nini?

"Nataka maembe ya wageni," nikasema.

"Wageni wanakula leo au kesho kutwa?"

"Leo."

Akachagua. Hakubonyeza hata moja. Alinusa penye kikonyo, akalipima kwa kiganja, akalipanga. Kisha akavuta upande mafungu mengine, embe ngumungumu ambazo mimi nisingezinunua.

"Haya umpelekee baba mtoto. Yeye hapendi lililolainika. Analitaka likiwa linakaribia tu, liwe na ukali pale kwenye kokwa. Au ameacha siku hizi?"

Nilikuwa nimeishi na mtu yule zaidi ya mwaka. Nilikuwa nikimnunulia yaliyoiva kabisa, namenya, nakata, nampangia kwenye sahani, na alikuwa akila na kusema alhamdulillahi. Hakuwahi kuniambia.

"Hajaacha," nikasema.

Nilibeba maembe yale mpaka nyumbani na sikumwambia mume wangu nani aliyeyachagua. Alikula moja, akanitazama kwa mshangao wa furaha. "Leo umepatia!" Nilitamani kulitupa tenga zima uani.

Hapo ndipo nilipowaza mafyulisi. Kaka yangu alikuwa utingo kwenye lori lililokwenda Tanga na kurudi. Alikuwa akitusimulia kwamba kule milimani Lushoto kunaota tunda lenye kokwa kama embe, ila la baridi, lenye ngozi ya mahameli, ambalo watu wa pwani hawalijui. Nikamtumia salamu. Kama ni tunda, na mimi nitaleta tunda, tena lisilo la mti wa nyuma ya jiko la bibi wa mtu. Kaka alipopita Chalinze alishusha boksi la mafyulisi kwa mwenye duka mmoja anayefahamiana naye, na kutoka hapo likapata gari la kuja Bagamoyo. Niliposikia limefika nilikwenda kulichukua mwenyewe, sikumtuma mtu.

Nusu yalikuwa yameoza kwa joto la njiani. Nusu iliyobaki niliifuta moja baada ya nyingine, nikaipanga kwenye sinia la shaba tulilopewa siku ya harusi. Yalikuwa mazuri, shavu moja jekundu, shavu jingine la manjano. Nilimwita mume wangu, nikamwita mtoto, nikawaita na majirani.

Mume wangu aliuma, akatafuna taratibu. "Tamu," alisema. "Tamu sana, mke wangu. Lina maji." Lilikuwa tamko la mtu mwenye adabu.

Mtoto alilipitisha tunda shavuni, akakunja uso. "Mama mdogo, lina manyoya kama sikio la paka."

Majirani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Hata hivyo walikula, wakamaliza sinia, wakaniuliza mambo ya Lushoto kama kwamba nimefika. Kwa muda wa mchana mmoja nyumba yangu ilizungumzwa mtaa mzima kwa jambo lililotoka kwangu. Nilikuwa karibu kuridhika. Kisha nilipokuwa nakunja mkeka nikamwona mtoto amekaa pembeni, amefunga fyulisi moja kwenye ncha ya kanga yake.

"Hilo mbona hujala?"

"Namwekea mama. Hajawahi kuliona."

"Vizuri," nikamwambia. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Nilikuwa nimetoa tunda Lushoto, likapita milima na vumbi la Chalinze, na bado lilikuwa linakwenda Mlingotini.

Mambo yaliendelea hivyo, msimu kwa msimu. Mimi nilizaa mtoto wa kiume, kisha mwingine, na wote wawili, walipoanza tu kushika kitu mkononi, walishika embe la kikapu kile. Sikuwazuia. Ningewazuiaje? Wakati huo nilikuwa nimeacha hadithi ya joto na nilikula kama wengine, ila nilikula kimya, sikuwahi kulisifu embe hata moja kwa sauti.

Halafu mwaka mmoja, maembe yakiwa bado mabichi ya kuchovya chumvi na pilipili, mama wa binti alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Hakuwahi kufanya hivyo. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimkaribisha uani, nikamtandikia, nikamletea maji. Alikunywa, akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, nimeposwa," alisema. "Mtu wa Pangani, ana duka lake. Nimekubali."

"Mungu akujaalie heri, dada."

"Amina. Sasa nimekuja kwa habari ya mtoto. Natamani niende naye. Nimeona nianze kwako kabla ya baba yake, maana wewe ndiye unayemlea."

Nilikuwa nimeshinda misimu mingi nikiomba mtu huyu aende mbali, na sasa alikuwa anakwenda mbali. Ilitakiwa nifurahi. Badala yake nilianza kuhesabia kichwani sababu za kumzuia mtoto: shule, chuo, amekaribia kuhitimu juzuu, Pangani hana rafiki.

Wakati ule mtoto aliingia kutoka shule. Alikuwa amekuwa msichana mrefu. Alimwona mama yake, akapiga yowe, akamkumbatia, akambusu mikono. Walishikana hivyo kwa muda na mimi nikatazama majivu ya jikoni. Kisha wenzake wakamwita nje. Akageuka, akaja mpaka niliposimama.

"Mama mdogo, naomba ruhusa nikacheze rede."

"Nenda. Usichafue sare, badili kwanza."

Akakimbilia ndani. Nilipomgeukia mgeni wangu, uso wake ulikuwa umebadilika. Niliujua uso ule. Niliuvaa mimi kila kikapu kilipofika.

"Anaomba ruhusa kwako," alisema, "na mimi nimekaa hapa."

Nitasema kilichokuwa moyoni: nilifurahi. Ilikuwa furaha kali na tamu kama lile kokwa la siku ya kwanza, na sikuijutia. Alikuwa ananionea wivu, yeye, mwenye miembe, mwenye kicheko cha mume wangu, mwenye paji la uso lililokuwa likinitazama kila siku asubuhi. Nilimwongezea maji ili asione uso wangu.

Baba aliporudi kutoka kazini alimwuliza mtoto, mbele yetu wote, anataka kukaa wapi. Mtoto alilia, akamtazama huyu, akamtazama yule, mwisho akasema atakwenda Pangani wakati wa likizo, na shule amalizie Bagamoyo. Mama yake aliinamisha kichwa, akasema sawa. Alipoondoka alinishika mkono pale kizingitini.

"Maembe yatakuwa yanaanguka bure. Mama yangu ni mzee, hawezi kuyaokota. Nendeni mkachume. Mtoto anajua njia."

Tulikwenda, mimi na mtoto, maembe yalipoiva. Nilikwenda kwa kuwa mume wangu alikwisha kuanza kuuliza nani amepita kutoka Mlingotini, na nilitaka safari hii jibu liwe mimi. Bibi yake alitupokea, akatupa upondo wa kuangulia. Mtoto alinitembeza shamba zima akinitajia mti mmoja mmoja, na sasa ule ulimwengu waliokuwa wakiutembea juu ya mkeka nikaukanyaga kwa miguu yangu. Ilikuwa miembe ya kawaida, mingine imeinama, mingine imeliwa na mchwa. Tulikaa chini tukala mpaka matumbo yakatuvimba, tukalamba viwiko, tukacheka nyuso zetu zilivyopakaa. Aliniangulia dodo moja kutoka tawi la juu kabisa, akaninusisha penye kikonyo, akanifunza harufu ya lililo tayari na harufu ya la kusubiri. Nikalisifu kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza.

Tangu hapo tulikuwa tunachuma sisi. Mengine tulikula, mengine nilipeleka sokoni, nikakaa mahali alipokuwa akikaa, na wanunuzi wa zamani waliniuliza aliko mwenyewe. "Yupo Pangani," nilijibu, na kila nilipojibu niliona wamechagua kwa mashaka kidogo, kama kwamba maembe yale yale yamepungua utamu kwa kupita mkononi mwangu. Baada ya misimu kadhaa waliacha kuuliza.

Binti aliolewa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mama yake alikuja kutoka Pangani siku chache kabla, amenenepa, amevaa dhahabu, bado mrefu. Tulipika pamoja, tulichambua viungo pamoja, tulizozana kidogo juu ya pilau. Siku yenyewe, bibi harusi alipokuwa amekaa amefunikwa, wanawake walipanga foleni kuja kutoa mkono wa pongezi, na kila aliyeingia alikwenda moja kwa moja kwa mwenye paji lile la uso.

"Hongera, mama, kwa kulea."

"Sikulea mimi," alimjibu kila mmoja, akinionyesha kwa kidevu. "Mama aliyelea yule pale. Mpongezeni yeye."

Alisema kwa sauti, chumba kizima kilisikia, na wanawake wakanigeukia wakanipigia vigelegele. Ilikuwa heshima kubwa, na niliitikia kama inavyopasa. Lakini nilipoinua macho, binti yetu alikuwa amelaza kichwa chake kwenye bega la mama yake, macho ameyafumba, na mkono wa mama unampapasa mgongo taratibu, hapo hapo mahali ambapo mimi nilikuwa nikimpapasa alipokuwa na homa.

Nikasema wali utaungua, nikaenda jikoni.